Meli ya St. Helena haikutendewa haki

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu uwanja wa ndege wa St. Helena, kile kisiwa cha Waingereza kilicho peke yake Atlantiki ya Kusini, imeitaja meli ya barua kwa sentensi moja tu, tena kama kero iliyosubiri kuondolewa. Hapo nawapinga. Sisi Wazanzibari kisiwa hicho si kigeni kwetu: ni mojawapo ya mahali Waingereza walikompeleka Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitangaza Sultani wa Zanzibar mwaka 1896, baada ya kumkamata mwaka 1916.

Kampuni ya meli ya Union-Castle ilipositisha safari zake mwaka 1977, kisiwa kilinusurika kwa meli iliyokwisha kutumika huko Kanada. Ilibatizwa jina la St. Helena, ikaanza kazi mwaka 1978. Mwaka 1982 ikachukuliwa kwenda vita vya Uingereza na Argentina vya visiwa vya Falkland.

Iliyofuata, RMS St. Helena (RMS ni kifupi cha meli ya barua ya kifalme), iliundwa Aberdeen na kuanza safari mwaka 1990. Kutoka Cape Town ilichukua takriban siku tano, imesheheni barua, vyakula, dawa na magari. Ikirudi, ilibeba hata wagonjwa waliohitaji matibabu makubwa. Mabaharia wake wengi walikuwa wenyeji wa kisiwa. Jamestown, mji mkuu wa kisiwa, hakukuwa na gati la meli kubwa, kwa hiyo ilitia nanga nje na shehena ikashushwa kwenye tishari. Abiria walipelekwa kwa mashua hadi kwenye ngazi zilizoning'inizwa kamba. Unangoja wimbi liinue mashua, unaikamata kamba, unaruka. Watu waliishi hivyo miaka nenda miaka rudi, na hawakujiona wafungwa.

Sikatai kwamba kutegemea meli moja kulikuwa na hatari. Novemba 1999 iliharibika ikiwa njiani, ikalazimika kuingia Brest, Ufaransa, kutengenezwa, na kisiwani watu wakahaha kutafuta mahitaji. Waliotaka uwanja wa ndege walikuwa na hoja nzito.

Lakini uwanja wenyewe, uliogharimu pauni milioni 285, ulikutana na pepo za pale zilizotatiza ndege kutua, kwa hiyo ndege za abiria za ratiba hazikuanza hadi Oktoba 2017. Katika kipindi chote hicho cha kungoja, aliyewalisha wenyeji ni nani? Ni meli hiyo hiyo, iliyoongezewa muda wakati ilikwisha kupangiwa kustaafu, ikaondoka kisiwani kwa mara ya mwisho Februari 2018.

Naomba mchapishe historia yake kamili, na mabaharia wake wapewe nafasi ya kwanza.

Msomaji wenu,
Unguja