Barua ya wazi: Mheshimiwa, mpimeni na mama

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya lishe ya akina mama na watoto,
Nairobi.

Mheshimiwa,

Natumai u mzima, wewe na jamaa yako. Barua zangu za awali zilipokelewa getini kwa heshima zote na kugongwa muhuri mzuri wa buluu, kisha kimya. Ndiyo maana hii naiandika hadharani. Usinichukulie kuwa mkosefu wa adabu.

Wiki iliyopita nilimsindikiza wifi yangu, Msamburu kama mimi, kliniki, hapa hapa Nairobi. Siitaji ni ipi kwa sababu tutahitaji kurudi. Mtoto wake ana miezi minane. Wakamfunga ile tepu ya kupima unene wa mkono, ikasoma nyekundu, chini ya sentimita 11.5, yaani utapiamlo mkali. Muuguzi akamgeukia mama mtu mbele ya foleni nzima: "Unamlisha nini huyu? Ama nyinyi Wasamburu bado mnawapa damu ya ng'ombe?" Watu wakacheka. Wifi hajui Kiswahili kingi, lakini kicheko hakihitaji mkalimani. Akajifunika shuka usoni. Akaandikiwa zile pakiti za karanga za kumtibu mtoto mwenye utapiamlo, na alipofika dirisha la dawa akaambiwa zimeisha, arudi wiki ijayo.

Hakuna aliyemtazama yeye. Mimi hushona mishipi na mikufu ya shanga, kwa hiyo futi haikosekani nyumbani. Tulipofika nikampima mkono wa juu: sentimita 20 na nusu. Mhudumu wa afya wa mtaa wetu aliwahi kuniambia kwamba mama anayenyonyesha akiwa chini ya 21 anahesabiwa kuwa na utapiamlo na anastahili unga wake wa nyongeza. Kumbe mgonjwa hakuwa mmoja. Walikuwa wawili, na mmoja alitukanwa badala ya kutibiwa.

Nikwambie anachokula, maana hukumuuliza. Asubuhi ni chai ya rangi na sukari. Mchana ni hiyo hiyo chai, pengine na mandazi. Usiku ni ugali na sukuma wiki, na chai tena ya kuteremshia. Chai kali ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri mwilini. Mama mwenye upungufu wa damu huzaa mtoto mwenye akiba ndogo ya damu, na akiba hiyo ikifika miezi sita imeisha, hata kama ananyonyeshwa usiku na mchana. Wifi alianza kliniki mimba ikiwa ya miezi saba. Kabla ya hapo alikuwa Samburu, na tembe za kuongeza damu hazina miguu ya kumfuata.

Wakubwa hupenda kusema ni mila zetu. Haya, tuziseme. Ni kweli kwetu mjamzito hupunguziwa chakula miezi ya mwisho ili mtoto asiwe mkubwa tumboni. Nyinyi mnaona ujinga. Mimi namwona mama mkwe aliyezika wanawake waliokwama katika uzazi, hospitali yenye chumba cha upasuaji iko mbali, barabara ni mto mkavu, na gari ni la kuomba. Asiye na daktari wa kumpasua huomba mtoto mdogo. Leteni gari la wagonjwa la uhakika, halafu muone kama huyo bibi ataendelea kumnyima mkwewe maziwa.

Na hayo maziwa yenyewe yako wapi? Kiangazi kikishika, ng'ombe huhamishwa malisho ya mbali na vijana, na maziwa huondoka nao. Wanaobaki manyattani ni wajawazito, wanaonyonyesha, wazee na watoto, yaani wale wale wanaoyahitaji. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2.5 ikafa nchini. Kaka yangu alipoteza karibu wote, akaja Nairobi kuwa soja wa usiku. Mkewe akamfuata na mimba. Ndiyo mila iliyotuleta Kawangware.

Takwimu zenu za 2022 zilitangazwa kwa furaha: watoto waliodumaa wameshuka hadi asilimia 18, kutoka 26 mwaka 2014. Hongereni. Kwenye ripoti hiyo hiyo Samburu ni asilimia 31, Pokot Magharibi 34, Kilifi 37. Nadhani ukurasa huo ulikwama kwenye printa siku ya hotuba.

Si sisi peke yetu. Waogiek, wenyeji wa msitu wa Mau, walishinda kesi yao ya kufukuzwa msituni katika Mahakama ya Afrika kule Arusha tarehe 26 Mei 2017, na bado Novemba 2023 wakaona nyumba zao zikibomolewa. Mama anayelala nje na mtoto mchanga atatoa maziwa gani? Hili sitalirefusha. Si wizara yako, utaniambia.

Turudi mjini. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Jambo zuri sana. Wifi yangu hufulia watu nguo, leo nyumba hii, kesho ile, na akikosa nguo tunakaa juani na shanga. Chumba chetu kiko upande gani? Mtoto alianza kuachwa kwa jirani akiwa na miezi mitatu, akapewa uji mwepesi ili asilie. Ukimwambia mama huyo "nyonyesha miezi sita bila kumpa kingine" bila kumwambia kodi italipwa na nani, umemsomea shairi tu.

Ana miaka 19, hana kitambulisho, kwa hiyo usajili wa SHA, bima ya afya ya serikali, nao umemshinda. Mambo ya kuthibitisha yeye ni Mkenya tumeyaacha kwanza, tunahangaika na mkono wa mtoto.

Mwaka 2023 tuliahidiwa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya laki moja, wenye mikoba na simu. Wa kwetu ni mama mwema, anajituma. Mkoba anao. Amepewa cha kumgundua mwenye njaa, hakupewa cha kumlisha. Pakiti zimekwisha kwa nini? Wengine wanasema ni Wamarekani waliofunga mfuko mwaka 2025. Inawezekana. Mimi nashuku pia kuna shehena imelala ghalani ikingoja sahihi ya mtu aliye semina. Lakini Katiba, kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya lishe ya msingi, na sijaona mahali iliposema "wafadhili wakipatikana."

Mheshimiwa, sikuombi hospitali mpya, wala usije kukata utepe. Nataka kila mtoto anapofungwa tepu, mama yake naye afungwe. Damu yake ipimwe. Akipatikana amepungukiwa apewe unga wake mwenyewe, si wa kugawana na mtoto na baba mtu. Aulizwe amekula nini leo kabla ya kuulizwa amemlisha nini mtoto, na aulizwe kwa lugha anayoielewa. Vijana wa Kisamburu waliosomea uuguzi wapo, waajirini.

Ukiona hayo ni mengi, anza na tepu peke yake. Mpimeni mama. Hiyo haihitaji bajeti wala mfadhili, inahitaji waraka mmoja kutoka mezani kwako.

Tunarudi kliniki wiki ijayo kama tulivyoagizwa. Naomba waraka huo uwe umetangulia.

Wako mtiifu, ingawa si mvumilivu tena,
Mshona shanga, Kawangware.