Kunguru Wangu, Panya Wako

Buguruni,
Dar es Salaam.
Jumapili, usiku.

Shoga yangu Mwajuma,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi hatujambo, watoto wameshafungua shule, joto tu ndilo limegoma kuhama. Bibi anakusalimu na anauliza kitenge chake kimefikia wapi. Nimemwambia kipo njiani, kwa hiyo usinifanye mwongo.

Ningekupigia simu, lakini habari yenyewe ni ndefu, salio lingekata kabla sijafika kwa pweza. Nimeona niiandike niiweke humo kwenye mfuko wa dagaa, utaipata pamoja na harufu yake.

Kisa ni kunguru. Jana asubuhi nilikuta mkate wa juzi umekauka kabisa, nikautupa nyuma ya karo. Nilikuwa nafua sare za watoto, ndoo ya kusuuzia iko pembeni. Akashuka kunguru. Akaudonoa ule mkate, haumeguki. Akaudonoa tena. Akatulia. Kisha akaubeba, akarukia ukingo wa ndoo, akauchovya majini. Akautoa, akaubonyeza kwa mdomo, bado mgumu. Akauchovya tena, na safari hii akasubiri. Shoga, alisubiri! Kichwa kakiweka upande, kama mimi ninavyoingoja chapati itoe mapovu niigeuze. Ulipolainika akala taratibu, akajifuta mdomo kwenye mkono wa ndoo, akaniachia maji yamejaa makombo. Nami muda wote huo nimeshika sketi ya mtoto, povu mpaka kwenye viwiko, nimeduwaa.

Na ni yuleyule. Namjua kwa ukucha mmoja uliokatika. Mwezi wa Ramadhani aliniibia sambusa kwenye sinia nikamtandika mwiko, na tangu hapo nikitoka tu uani anaanza kunipigia kelele kutoka juu ya mwarobaini. Akitoka Mama Rehema, kimya. Akitoka baba mwenye nyumba, kimya. Nikitoka mimi, mtaa mzima unajua.

Jioni umeme ukakatika, wapangaji wote tukatandika mikeka uani, nikawasimulia. Nilidhani watacheka yaishe. Badala yake ukazuka ubishi mpaka saa tano usiku: mnyama gani ana akili kuliko wote. Mshindi tumemwekea kreti ya soda.

Kijana wa chumba cha mwisho, yule anayesomea ualimu wa sayansi, ndiye aliyenipa nguvu. Akasema kule Seattle, Marekani, mwaka 2006 watafiti wa chuo kikuu walivaa kinyago kibaya, wakakamata kunguru, wakawavisha pete miguuni na kuwaachia. Baada ya hapo kila aliyepita pale na kinyago kile alizomewa, hata na kunguru ambao hawakuwahi kukamatwa. Habari walishapeana. Nimemwambia aniandikie majina na miaka kwenye karatasi, ninayo hapa mbele yangu, usije ukasema natunga.

Na hawa wetu kumbuka si wenyeji. Waliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ili wale takataka, wakaenea mpaka huku bara. Wametegwa, wamewekewa sumu, na bado asubuhi ndio wanaoniamsha. Wahenga wamemwita mwoga, eti hukimbiza ubawa wake. Mimi sijamwona akikimbia. Namwona akipiga hesabu.

Mzee Kombo akacheka mpaka akakohoa. "Kunguru! Mwizi tu huyo. Weye hujatafuta pweza." Unamjua Mzee Kombo, mtu wa Mafia, na mpaka leo alfajiri humkosi Feri. Akatueleza kwamba wakati wa bamvua, maji yakishatoka, unatembea juu ya mwamba na mti wako mkononi, na pweza mwenyewe humtafuti. Unatafuta jaa lake, maana akishakula hutupa magamba ya kaa na makome mlangoni. Naye akihisi umekaribia huvuta mawe akajiziba ndani. Akiwa nje hubadili rangi, na ngozi huifanya ivimbe vinundu kama jiwe, ukampita hivihivi. Siku moja alimtia mmoja kwenye ndoo, akageuka kidogo kurekebisha tanga. Kugeuka tena, ndoo tupu.

Kijana akaongeza kwamba pweza ana seli za neva kama milioni 500, na theluthi mbili yake hazimo kichwani, zimo kwenye mikono. Mama Rehema, ambaye supu ya pweza ndiyo inayomsomeshea watoto, akaruka: "Ndiyo maana mkono nimeshaukata na bado unang'ang'ania sinia!" Lakini lililonichoma mimi ni jingine. Mama pweza hutaga mara moja tu maishani, hukaa akiyalinda mayai bila kula, na yakianguliwa naye anakufa. Yaani mtoto wa pweza anaanza darasa la kwanza hana mama, hana mwalimu, hana hata wa kumwigiza, na katika mwaka mmoja au miwili aliyopewa ya kuishi anakuwa fundi wa kumtoroka Mzee Kombo.

"Akili yote hiyo na tunamla kwa pilipili na ndimu," akasema mzee kama anayejuta, na bakuli kalishika mkononi.

Sokwe tulimtoa mashindanoni mapema. Baba mwenye nyumba aliamua kwamba huyo ni karibu ndugu, ni kama kumwingiza mtoto wa mwamuzi uwanjani. Tangu mwaka 1960 yule mama Jane Goodall alimwona pale Gombe akichomeka jani kwenye kichuguu na kuvulia mchwa, sokwe hana la kuthibitisha tena.

Yeye baba mwenye nyumba ni wa tembo. Unajua alivyoendesha watalii Arusha miaka mingi, na gari lake liliwahi kufukuzwa na tembo jike mpaka akapoteza kofia. Akasema mwaka 1993 Tarangire iliingia ukame mbaya, na watafiti waliokuwa wakifuatilia makundi matatu wakahesabu ndama 16 waliokufa kati ya 81. Ila makundi yaliyokuwa na majike wazee, wale waliouona ukame wa miaka ya 1958 hadi 1961 wakiwa wadogo, yalitoka hifadhini kwenda kutafuta maji na malisho kwingine. Hayo yalipoteza ndama wachache. Kundi ambalo vikongwe wake walikuwa wamekwisha lilibaki palepale. Bibi mmoja anakumbuka alikopelekwa na mama yake miaka zaidi ya thelathini nyuma, na kwa hicho tu anaokoa wajukuu.

Mama Rehema akasema hiyo si akili, huo ni uzee. Baba mwenye nyumba akanuna. "Na uzee ni nini?" Tukanyamaza wote, kodi ya mwezi huu baadhi yetu bado.

Mama Rehema mwenyewe alikuwa anamtetea paka wake. Hoja yake ni kwamba paka anakula bure, analala kitandani, na hajawahi kufanya kazi siku hata moja. Nilitafuta la kumjibu sikulipata, kwa hiyo nikaendelea mbele.

Sasa kijana naye akaulizwa, wewe msomi, wako nani? Akajibu fisi. Mwajuma, kicheko kilichotoka pale uani kilileta majirani. Fisi! Aliyepasuka msamba njia panda kwa kutaka kufuata harufu mbili! Akatungoja tukamaliza. Akasema mtafiti Christine Drea, wa Marekani, alichapisha mwaka 2009 majaribio ya fisi wawili wawili: kamba mbili zinaning'inia, chakula hakishuki mpaka zivutwe zote kwa pamoja. Fisi wakalielewa bila kufundishwa, na waliokwisha zoea wakawa wanamvumilia mwenzao mgeni mpaka aelewe. Sokwe kwenye mitihani ya aina hiyo huhitaji kufundishwa sana.

Nimelala nikiliwaza hilo. Tumelishwa tangu utotoni kwamba sungura ndiye mjanja wa pori zima na fisi ndiye bwege wake. Sasa sungura, mimi nimewaona wa jirani yetu wa zamani: mlango wa banda uko wazi, paka kaingia, nao wamekaa wanatafuna majani mpaka akawamaliza. Nadhani babu zetu walimpa sungura akili kwa kumwonea huruma, maana mdogo hana silaha nyingine. Fisi wakamnyima kwa sababu aliwalia mbuzi, na mtu aliyekulia mbuzi humpi sifa.

Hapo kijana akajifanya mwalimu kweli, akatuonya tusiamini kila tunachokiona. Akaleta kisa cha farasi Hans wa Berlin. Bwana wake, Wilhelm von Osten, alimfundisha hesabu: unamuuliza tatu na nne, anagonga kwato mara saba. Mwaka 1904 ikaundwa tume nzima ya wataalamu, haikuona udanganyifu. Baadaye Oskar Pfungst, mwaka 1907, akaja na maelezo. Muuliza swali akiwa hajui jibu, Hans naye hajui. Kumbe farasi alikuwa anamsoma mtu: kwato ikifika saba, muulizaji anakaza kidogo au kuinua kichwa bila mwenyewe kujua, naye anaacha kugonga. Watu wakasema basi, farasi hana akili.

Nikabisha. Tume nzima ya maprofesa haikuona kile farasi alichokiona! Mimi kila asubuhi pale kwenye vitumbua vyangu naangalia uso wa mteja kabla sijafungua mdomo, najua huyu ana hela kamili, huyu atakopa, huyu atanishika mkono na kudai vimepoa. Hakuna aliyewahi kuniambia hiyo si akili. Imenilea, imelea na wanangu.

Ndipo zamu yako ikafika. Nimekuwakilisha, usiseme nimekusahau. Nikawaambia Mwajuma wa Morogoro anasema panya buku, tena wale wa APOPO, shirika linalofundisha panya kunusa, pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Nikamtaja Magawa, aliyezaliwa mwaka 2013 hapahapa Tanzania, akapelekwa Kambodia kunusa mabomu ya ardhini. Mabomu hayo na vilipuzi vingine, akafichua zaidi ya mia moja kwa jumla, wala hayakumlipukia, kwa wepesi wake. Mwaka 2020 Waingereza wakampa nishani ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata, akafa Januari 2022 akiwa mstaafu. Mzee Kombo akasema, panya kastaafu, yeye bado anaamka saa tisa usiku.

Baba mwenye nyumba akapinga: hao wamefundishwa kwa ndizi. Mama Rehema akamjibu, hata mwanawe kafundishwa kwa ubwabwa, na hesabu bado zinamshinda.

Ila nilipofika kwenye kifua kikuu, maana panya hao hukinusa hata kwenye makohozi, sauti iliniishia kidogo. Unakumbuka mdogo wangu alivyokohoa miezi mitatu, na zahanati moja inamrudisha kila mara kwamba makohozi yake hayana kitu. Wanasema panya wale hupitia sampuli mia moja kwa dakika ishirini, na zinatoka hata kwenye vituo vya huku Dar, zile ambazo hadubini imeshasema safi. Panya anakuna, zinapimwa upya, na wagonjwa wanapatikana. Mdogo wangu alikuja kujulikana mahali pengine amebaki mifupa, akatibiwa, na leo anabeba viroba Kariakoo. Sikuwasimulia pale. Nakuandikia wewe.

Kabla ya kulala nikawatazama mmoja mmoja, nikagundua kila mtu amempigia kura mnyama aliyemshinda. Mzee katorokwa na pweza, baba mwenye nyumba kapokonywa kofia na tembo, mimi naibiwa na kunguru mchana kweupe. Kijana hajashindwa na yeyote bado, ndiyo maana kamchagua anayechekwa. Kwa hiyo kura zikawa moja moja, na kreti ya soda iko kwa baba mwenye nyumba kama dhamana.

Wewe ukipata siku, nenda ukawatazame hao panya, uniambie wanakunaje, wakikosea wanafanywaje, na kama kweli wanapumzika Jumamosi na Jumapili kuliko sisi. Usimwambie Bibi, yeye panya ni panya.

Leo asubuhi niliifunika ndoo yangu kwa sinia, nikaweka na jiwe juu. Akaja na kipande cha andazi. Akaitazama ndoo. Akanitazama mimi. Akaruka kimya mpaka kwenye ndoo ya Mama Rehema, iliyokuwa na pweza aliyeoshwa tayari kwa supu, akachovya andazi lake humo, na kuondoka akaondoka na vyote viwili, andazi na kipande cha mkono.

Mama Rehema kabadilisha kura.

Wako akupendaye,
Mama Asha