Presha inatumaliza kimyakimya

Mhariri, naomba kanafasi. Juzi baba mdogo kaanguka Mwanjelwa akishusha magunia ya viazi, kupimwa presha 190 kwa 110, na mwenyewe anasema hajawahi kuumwa hata kichwa! Ndo ilivyo hiyo kitu, inakula moyo bila dalili.

Jamani chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema isifike gramu 5 kwa siku, yaani haijai kijiko cha chai, ila sisi sahani ya chipsi ikitua tu mkono uko kwenye kikopo, hata hatujaonja. Parachichi za Rungwe zimejaa sokoni tunaziacha. Halafu Kabwe hadi Mwanjelwa mtu anapanda boda, si utembee tu? Sigara ndo kabisa, acheni.

Na mkapime presha, dakika chache tu, msisubiri kuanguka.

Msomaji, Uyole, Mbeya