Haukuchacha, uliumuka: barua kwa mdogo wangu

Mdogo wangu,

Assalamu alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikia. Nimeusikiliza jikoni mara tatu, simu nimeiegemeza kwenye kopo la chumvi, mikono ina unga. "Jamani, nani ana vipimo vya mkate wa kumimina wa mama? Mwanangu anautaka Ramadhani hii." Jamani! Umeuliza grupu zima la familia, shangazi, wakwe na watoto wa ami, kana kwamba humjui mwenye navyo. Miaka miwili hujanipigia simu, nami sijakupigia, leo nimekuwa "jamani". Basi umeuliza mbele ya watu, nami nakujibu mbele ya watu, hapahapa ninapoandikia mapishi yangu. Binti yako ameniambia kuwa unapasoma.

Huko Muscat wamejaa watu wetu, waliokwenda baada ya 1970 na watoto wao waliozaliwa hukohuko, na Kiswahili hakijawatoka, wala vitumbua. Jirani yeyote angekupa vipimo vya mkate wa kumimina. Hukutaka vya jirani. Hilo limenigusa, sikufichi, na ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Shika basi. Mchele vikombe viwili, kwa kikombe cha mama kile cha bati chenye ua, si hivyo vya kwako vya kioo. Usichukue ule mchele wa manjano uliochemshwa kabla ya kukobolewa, hausagiki ukalainika. Uoshe mpaka maji yatoke safi, uroweke usiku kucha. Asubuhi uchuje, uusage na tui zito kikombe kimoja na nusu, hiliki, na hamira kijiko kimoja cha chai. Nazi ukune mwenyewe ukiipata. Ukikosa, tumia tui la kopo, lakini lionje kwanza, yapo mengine yana ladha ya bati. Usage mpaka ukiusugua kati ya vidole viwili usisikie chenga hata moja. Mama alikuwa akifumba macho anapousugua. Nilidhani anaomba dua, kumbe anasikiliza vidole.

Unalikumbuka lile giza la mwisho wa 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima haina umeme miezi mitatu. Blenda ikakaa juu ya kabati kama pambo. Wateja wa mama wa barazani walitaka mikate yao vilevile, basi mimi na yeye tukatwanga mchele kinuni kwa zamu, tukauchekecha, tukautwanga tena. Wewe ulikuwa chumbani na taa ya chemni, unasoma. Kila nikitaka kukuita uje unipokee mchi, mama ananikataza: mwache asome. Nilijivunia kusoma kwako, Mungu ni shahidi wangu, na mchi ule uliniachia sugu chini ya kidole gumba ambayo mpaka leo ipo. Yote mawili ni kweli.

Tui lisiwe la moto. Likikuunguza kidole litaua hamira. Liwe vuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Huko kwako nje ni joto na ndani kiyoyozi kinapuliza kutwa, kwa hiyo ukiuacha mezani utakaa hapohapo usipande. Uingize kwenye ovena iliyozimwa, uwashe taa yake tu, hilo joto linatosha.

Kisha uufunike, uungoje uumuke. Na hapa nataka usome polepole.

Kuumuka si kuchacha. Rojo lililoumuka limepanda, limejaa vipovu, na linanuka, ndiyo. Hamira inakula sukari iliyomo ndani yake, inatoa hewa na ukali kidogo. Zamani, kabla ya hamira ya pakiti, watu walikuwa wakiumulia kwa tembo la mnazi, na harufu ni ileile, ukali wenye utamu ndani yake. Rojo lililochacha limeshuka. Juu limetuama maji, chini limeganda zito, na ukiliramba ulimi unakunjika. Mtu aliyekulia nyumba ya mikate anaijua tofauti hiyo kabla hajajua kusoma.

Lile la siku ile lilikuwa limeumuka.

Nimeshajaribu, mdogo wangu. Hujui hilo. Tangu mama aondoke nimelirudia mara saba au nane, jikoni kwake, msimu uleule wa kaskazi, hamira kijiko kilekile, bakuli lilelile la bluu lenye ufa pembeni. Nalisaga baada ya sala ya alfajiri kama alivyolisaga yeye, nalifunika kitambaa na kawa juu, siligusi mpaka saa tano, saa uliyoingia wewe na mabegi yako. Kila mara linafurika. Linapita ukingo wa bakuli, linateremka mezani, sisimizi wanakuja. Anayeingia ghafla anaweza kushtuka, nakubali. Lakini kila mara nimelikoroga, nimelitia sukari, nimelipika, na kila mara limetoka mkate. Mzito kidogo, una uchachu kwa mbali. Mkate.

Alilisaga kwa ajili yako. Tangu jana yake alikuwa akihesabu masaa ya ndege. Nilimwambia apumzike, tutanunua boflo, akanitazama kama nimemtukana. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi mwenyewe, akakuna nazi mbili, akapumzika katikati kwa muda mrefu, mkono wake umeshika ubavu. Akakamua tui kwa kifumbu, akasaga, akafunika. Saa moja akaanguka pale mlangoni pa uani.

Wewe ulikuja hospitali adhuhuri. Ulikuwa unanuka dawa ya kusafishia, vidole vimesinyaa kwa maji. Uliinama ukambusu paji la uso, yeye akafumbua macho, na neno lake la kwanza kwako halikuwa "umefikaje". Alisema, "Mkate umeukuta?"

Ukamjibu, "Mama, ulikuwa umechacha, nimeumwaga."

"Haidhuru," akasema. Akageuza uso ukutani.

Nilikuwa nimesimama miguuni pake, nimeshika chupa ya chai. Niliona kisogo chake na ule msuko mdogo wa nywele nyeupe niliomsuka Jumatatu. Hakugeuka tena mpaka walipokuja kupima presha. Siku ya pili yake usiku akatutoka. Alizungumza mengine, najua, alikusemesha wewe, alinisemesha mimi, aliuliza habari za watoto. Lakini mimi nimebaki na lile haidhuru. Nikifunika bakuli nalisikia. Ungesema umeuonja, mtamu. Neno moja tu. Ungesema umeuacha jikoni, tutaupika ukirudi.

Nyinyi wengine mnaosoma, mniwie radhi. Leo sina picha za hatua kwa hatua.

Najua utakalonijibu, kwa sababu ulishalisema siku ya hitima, pale uani, wapishi wote wameacha kukoroga masufuria wanasikiliza: "Dada, si wewe uliyenipigia simu ukaniambia nisafishe jikoni?"

Ni mimi. Nilikupigia nikiwa kwenye korido ya hospitali. Daktari alikuwa ametoka kuniambia jambo, na akili yangu, badala ya kulia, ikaanza kupanga watu watakaoingia nyumbani, mikeka itakayotandikwa, masufuria ya kuazima. Nikakwambia, "Safisha jikoni, ondoa kila kitu, watu watakuja." Nilisema kila kitu. Lakini mtu akiambiwa aondoe kila kitu chumbani haondoi Msahafu. Sikulitaja bakuli kwa sababu sikudhani linahitaji kutajwa. Nilikuwa sijala, sijabadilisha nguo tangu alfajiri, kanga yangu ina matapishi. Wewe ulikuwa umelala kwenye ndege. Nani kati yetu alikuwa na nafasi ya kutazama vizuri?

Na umelisema pia lile jingine, la kukuficha. Ulifika ukidhani ni presha ya siku zote. Miezi mitano nilikuwa najua, na wewe hujui. Basi leo nakujibu, kwa kuwa siku ile nilikuacha uani nikaingia chumbani. Yeye ndiye aliyenikataza. Alinishika mkono akasema, "Usimwambie, ndio kwanza amepata kazi, ataiacha." Ningefanyaje? Nimuasi mgonjwa? Mimi ndiye kifunguamimba, nimefunzwa kubeba kabla ya kufunzwa kusema. Kila ulipopiga simu nilimpa simu yeye kwanza, akavuta pumzi, akachangamsha sauti, akakuuliza umekula nini. Akimaliza anairudisha kwangu bila kunitazama, na mimi nakwambia sote tuko salama. Nilifanya hivyo kwa kukuonea huruma, ndivyo nilivyojiambia, na bado naamini nilifanya la haki.

Ila usiku mmoja, katika kulirudia lile rojo, nilikaa nikalitazama linavyoteremka ukingoni, nikajiuliza: mtu asiyejua kuwa huo ni mkono wa mwisho wa mama yake, akiukuta umemwagika mezani na sisimizi juu yake, anaona nini? Anaona uchafu. Na aliyekufanya usijue ni mimi. Nilizima taa ya jikoni nikaenda kulala. Sikukupigia. Niliona kama nikikupigia nitakuwa nimekubali yote, hata lile la haidhuru, na hilo siwezi.

Tuendelee. Rojo likipanda maradufu, tia sukari, kikombe kimoja kasoro robo, na ute wa yai moja ulioupiga ukatoa povu. Koroga taratibu kwa mwiko, upande mmoja. Mchele hauna mnato wa ngano, hewa yake inashikwa na uzito wa rojo na huo ute tu, basi ukilipigapiga au ukigonga sufuria, linashuka na halipandi tena. Liache robo saa. Paka sufuria samli, iteleke ipate moto barabara, ndipo umimine. Unatakiwa usikie sauti likigusa chini. Usiposikia, sufuria haijawa tayari, na mkate utagandia.

Mama alikuwa akipika kwa mkaa. Moto mdogo chini, na matundu yakishafunguka juu na pembeni pakishika, anafunika na kupalia makaa juu ya mfuniko. Wewe mkaa huna. Ukishamimina kwenye sufuria ya moto iache jikoni dakika chache mpaka matundu yafunguke, kisha ingiza kwenye ovena nyuzi 180, na mwisho washa moto wa juu upate rangi. Simama hapohapo, usiende kupokea simu. Choma kijiti katikati, kikitoka kikavu umeiva. Usiukate ungali wa moto, utakung'ang'ania kisuni na ndani utauona kama mbichi. Uache upoe, ukate vipande vya pembe kama alivyokuwa akikata.

Ukingo ulioungua ulikuwa wako siku zote. Aliukata kabla ya wageni, akaufunga kwenye kitambaa, akauficha juu ya friji mpaka urudi chuoni. Mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kuuweka pale juu, kwa kuwa ndiye niliyekuwa mrefu. Sikuwahi kuumega hata mara moja. Mpe binti yako ukingo. Mwambie ndivyo inavyokuwa kwa kitindamimba.

Akipenda, mfunze kusaga kwa kusugua vidole. Usimwache asome tu. Mfunze harufu, mfanye asogeze pua kwenye bakuli saa ya kwanza, saa ya pili, saa ya tatu, aijue inavyobadilika. Ungekuwa karibu ningemfunza mimi.

Kuhusu kikombe. Nilikuwa nimeandika mpaka hapo nikakumbuka kwamba hutakuwa nacho, na bila hicho vipimo vyote nilivyokupa ni bure. Kiko mbele yangu sasa. Lile ua limebaki majani mawili na kikonyo, rangi nyingine imebanduka. Nimekipima kwa chupa ya maziwa ya mjukuu wangu ile yenye mistari. Kikijazwa mpaka ukingoni kinaingia mililita 300. Lakini mama hakuwa akikijaza, alikuwa akiishia pale penye kishimo, kile kilichobonyea kilipoanguka kisimani. Nikamwaga, nikapima upya mpaka kwenye kishimo. Ni 270. Tumia 270.