Rudisheni fumbo la Jumamosi, na majibu yake

Mhariri,

Taarifa yenu ya kuliondoa fumbo la maneno la Jumamosi, lile gumu, kwa sababu eti wasomaji wa Kiswahili hawapendi kuumizwa kichwa, imenikera sana. Nimelisoma gazeti hili tangu nikiwa karani bandarini Kilindini, na miaka yote hiyo sikuwahi kuwaandikia hata mstari. Leo imebidi.

Wajazaji tupo. Aliyekosekana ni mtu wa kulisimamia fumbo hapo kwenu. Ramadhani iliyopita tulikaa barazani baada ya tarawehe, watu wazima wanne, gazeti katikati, penseli kwa zamu. Kidokezo cha 14 wima kilitaka herufi tano. Vijumba vilivyochorwa ni saba. Tukadhani mtunzi ana lake. Mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu, akaanza kufuta hata majibu yaliyokuwa sahihi ili hayo saba yapate pa kukaa. Tukalala na hasira. Jumamosi iliyofuata tukafungua kutafuta majibu, tukakuta ya fumbo jingine kabisa. Nikapiga simu chumba cha habari. Kijana aliyepokea akaniambia, “Mzee, hiyo huwa ni ya kujazia nafasi tu,” akakata.

Ya kujazia nafasi! Arthur Wynne alipolichapisha fumbo lake la kwanza katika New York World, Desemba 1913, huenda ungesema hivyo. Lakini Waingereza walilichukua wakaligeuza sanaa. Kuanzia 1926 mtunzi aliyejiita Torquemada alikuwa akiwatoa jasho wasomaji wa gazeti la The Observer, na The Times, gazeti lililojiona kubwa mno kwa mchezo huo, likasalimu amri Februari 1930. Padri mmoja Mwanglikana, John Graham, aliwatungia wasomaji wa The Guardian kwa miongo mingi kwa jina la Araucaria, na Januari 2013 alipotaka kuwaambia kwamba ana saratani, aliwaambia ndani ya fumbo. Walijaza vijumba, kimoja baada ya kingine, mpaka habari ikawatokea mbele ya macho. Wengi wao hawakuwahi kukutana naye, lakini walimlilia kama mzee wa nyumbani kwao, kwa sababu kila fumbo lake lilikuwa mazungumzo baina yake na wao. Sharti la mazungumzo hayo ni uadilifu: kidokezo kibebe maana ya jibu upande mmoja, na njia ya kulifikia upande mwingine, kisiwe na neno la bure. Mtunzi ana haki ya kukupoteza njia, hana haki ya kukudanganya. Sasa niambie, mhariri, uadilifu uko wapi ukinipa vijumba saba kwa herufi tano, kisha majibu ya fumbo la watu wengine?

Na hili la kwamba Mswahili hapendi kuumizwa kichwa, mmelitoa wapi? Muyaka bin Haji, mshairi wa mji huu huu, aliwafumbia mahasimu wa Mombasa kwa tungo mwanzoni mwa karne ya 19, nao wakamjibu kwa tungo. Watoto wa pwani wamekuwa wakisema kinyume vichochoroni, silabi ya mwisho mbele, na mkubwa anayepita hashiki kitu. Lugha hii ndiyo hasa ya mchezo huu. Chukua kidokezo nilichokitunga mwenyewe, nambari ya mwisho ikiwa idadi ya herufi za jibu: “Mali iliyofujwa humwagwa barabarani (4)”. Anayesoma mbiombio ataona habari ya ufisadi. Mjazaji ataona kwamba “iliyofujwa” ni amri ya kuzivuruga herufi za “mali”, na kinachomwagwa barabarani ni LAMI. Herufi hizo hizo zatoa pia “lima”, “mila” na “imla”. Nusu ya pili ya kidokezo ndiyo inayokukataza kubahatisha. Kiingereza kinatuzidi nini hapo? Wahindi hawakusubiri ruhusa ya mtu. Gazeti lao la The Hindu lina watunzi wake Wahindi, kila mmoja na jina lake la kupanga, na wasomaji huwajua kwa mitindo yao.

Uzembe huo huo umeingia ukurasa wa mashairi. Mtu anahesabu mizani yake, nane kwa nane, anapanga vina vya kati na vya mwisho, anawaletea shairi limekamilika. Ninyi mnalibana safu moja nyembamba ili tangazo la kamari lipate nusu ukurasa, kila mstari unakatika panapokatika, na kina cha kati kinaning'inia mwanzo wa mstari kama kosa la mshairi. Juzi mlikata ubeti mzima wa mwisho, wenye jina la mtunzi na mji wake.

Ninachotaka ni hiki. Fumbo lirudi Jumamosi, ukurasa wa kushoto, mraba usipungue sentimita 12, karatasi ya kawaida isiyoteleza kalamu. Chini yake liwepo jina la mtunzi, hata la kupanga. Jumatatu yatoke majibu ya fumbo hilo hilo, na kila jibu maelezo yake ya mstari mmoja, limepatikanaje. Kisha mpeni mjazaji mmoja robo ya safu aseme kidokezo gani kilikuwa cha haki na kipi kilikuwa cha hila, kama mnavyompa mtu nafasi ya kuchambua penalti. Watunzi mtawapata kwa walimu wa Kiswahili wa sekondari, mkiwalipa. Sisi wa barazani tutalijaribu kila fumbo Alhamisi kabla halijachapwa, na hatutaki malipo. Mkilituma kufikia adhuhuri, makosa yake mtayapata kabla ya magharibi.

Msomaji wenu,
Mji wa Kale, Mombasa