Imo au Haimo? Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu, Oktoba 2024 hadi Septemba 2025

Wazee wetu, kina mama, vijana na wanachama wenzangu,

Taarifa za miaka iliyopita zilijaa semina. Mwaka huu semina zilikuwa chache na sitazihesabu. Nguvu zetu karibu zote zilikwenda kwenye kazi moja: kampeni ya kuwafanya wakazi wa wadi zetu waidai bajeti ya kaunti na kuifuatilia.

Wengi mliniuliza kwa nini tuanze na bajeti tukaacha uandikishaji wa wapiga kura. Tulipokaa kupanga, IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, ilikuwa haina makamishna tangu Januari 2023, na uandikishaji ulikuwa umesimama. Kumhimiza kijana ajiandikishe wakati hakuna wa kumwandikisha ni kumchezea. Bajeti haingoji mwaka wa uchaguzi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeipangia tarehe zake: mpango wa maendeleo wa mwaka ufike bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha Februari 28, makadirio Aprili 30, na Julai 1 mwaka mpya wa fedha unaanza. Anayeleta ombi lake mwezi wa Juni hukuta chungu kimeshateremshwa.

Kabla ya kuchora bango lolote tulikwenda kusikiliza: madikoni wavuvi wanakoshushia samaki, vijiwe vya bodaboda, vyama vya kina mama, baraza za wazee baada ya magharibi. Karibu kila mahali tulipata jibu la namna moja. Tulikwenda, tukasema, tukapewa soda, hatukusikia tena. Hawa si watu wasiojua Katiba. Kifungu cha 1 kinachosema mamlaka yote ni ya wananchi, bodaboda atakutajia bila kukitafuta. Na Juni 2024 wote tuliona vijana wakiutafsiri Mswada wa Fedha kwa lugha za nyumbani na kuueleza kwenye TikTok, hadi Rais akakataa kuutia saini. Shida ya watu wetu ni kwamba walisema na hakuna aliyerudi kuwaambia neno lao lilifika wapi.

Ndiyo maana niliipinga rasimu ya kwanza ya ujumbe, ile ya "Sauti yako ni nguvu yako". Ilipendeza, lakini mvuvi aliyekosa siku ya bahari kwa ajili ya mkutano usiozaa kitu angeicheka, na angekuwa na haki. Badala yake tukachukua swali la kijana mmoja wa kamati: "Imo au haimo?" Kila wadi ichague jambo moja, kisha sote tuulize jambo hilo limo au halimo katika kitabu cha bajeti. Swali hilo mtu hulijibu hata akiwa njiani, na afisa hawezi kulizungushia maneno.

Kuchagua jambo moja kulituchukua muda kuliko nilivyotarajia, na naona muda huo haukupotea. Watu waliomba kituo cha polisi, walimu wa sekondari, madarasa ya shule ya msingi. Ilibidi tuketi na Jedwali la Nne la Katiba tuoneshane kazi za kaunti: zahanati na vituo vya afya, chekechea, barabara za kaunti, masoko, uvuvi. Mabishano yalikuwepo, hasa katika wadi moja ambako wavuvi walitaka barabara na kina mama wakataka chumba cha kujifungulia. Kina mama walishinda kwa sababu walikuwa wamekutana peke yao kwanza, wakachagua msemaji, wakaja na hoja moja. Utaratibu huo wa kikao cha kina mama kabla ya mkutano wa wote nataka uwe wa kudumu. Tulipowaweka kwenye mkutano mmoja tu na wazee, walikaa nyuma kimya.

Ujumbe tuliusambaza kwa sauti fupi za WhatsApp, kwa Kiswahili na Kidigo, na kwa matangazo baada ya sala ya Ijumaa na ibada ya Jumapili. Mabango tulichapa machache. Fulana hatukuchapa kabisa, ingawa mwanasiasa mmoja alijitolea kuzilipia, jina lake likae mgongoni. Tulimshukuru tukakataa.

Suala la nauli liliigawa kamati, na wanachama wana haki ya kulijua. Mashirika mengi huwalipa watu wanaohudhuria, na baadhi yetu waliona bila bahasha ukumbi utabaki mtupu. Msimamo wangu ulikuwa kwamba anayelipwa kuja atadai kulipwa ili arudi. Tulikubaliana kugharimia usafiri wa watu wenye ulemavu na mkalimani wa lugha ya ishara, basi. Kwenye mikutano miwili ya mwanzo watu walikuwa wachache kweli. Ule wa Aprili ulijaa hadi wengine wakasimama madirishani, nami naamini saa ilisaidia kuliko maneno yetu. Tangazo la awali lilikuwa saa nne asubuhi, wakati madau hayajarudi. Tuliandika barua, mkutano ukasogezwa hadi baada ya alasiri.

Jambo jingine lililotusaidia ni karatasi. Maoni ya mdomo yakiisha kusemwa, hubaki mikononi mwa anayeandika kumbukumbu. Sisi tulipeleka waraka wa kila wadi nakala mbili, moja ikabaki ofisini, ya pili ikarudi na muhuri na tarehe. Walimu wetu wa kujitolea walichambua kitabu cha makadirio, kirefu na chote kwa Kiingereza, wakatoa kurasa za wadi zetu tu. Mahakama ya Juu ilishasema mwaka 2019, katika kesi ya kampuni ya tumbaku ya BAT, kwamba ushirikishwaji wa umma uwe wa kweli na usiwe wa kujionesha. Sentensi hiyo tuliinukuu katika kila waraka.

Matokeo ni haya. Chumba cha kujifungulia kimo. Chekechea imo, lakini kwa fedha pungufu. Barabara ya diko, ombi la wadi nyingine, haimo. Majibu yote matatu tuliyarudisha palepale tulipoyachukua maswali, na nakiri jibu la diko lilikuwa gumu kulisoma. Chumba nacho hakijaanza kujengwa. Kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016 tuliandika kuuliza zabuni imefikia wapi. Siku 21 zilipita, kisha likaja jibu la nusu ukurasa. Tumeandika tena. Wanachama wanaotaka tuwaige watu wa kaunti ya Makueni, ambako wananchi huchagua kamati za kusimamia miradi tangu vijijini, nawaunga mkono, ila kamati ya namna hiyo bila mradi wa kusimamia itakufa mapema.

Mapya ni kwamba makamishna wa IEBC waliapishwa Julai 2025 na uandikishaji ukarejea Septemba 29. Uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027. Mwaka 2022 kati ya wapiga kura milioni 22.1 walioandikishwa, takriban asilimia 65 ndio waliojitokeza, wakati 2017 walikuwa karibu asilimia 78. Kwa sasa ofisi ya tume iko mbali na vijiji vyetu vingi, hivyo kikwazo cha kwanza kwa kijana ni kitambulisho, cha pili ni nauli. Wajumbe wawili wa kamati wametangaza nia ya kuwania uwakilishi wa wadi. Wamejiuzulu kama kanuni zetu zinavyotaka, na nafasi zao zitajazwa leo.

Hesabu za fedha atazisoma mhazini. Kabla yake naomba mkutano uamue mambo mawili: iwapo barabara ya diko irudishwe kwenye waraka wa Februari 2026 au diko lichague jambo jingine, na iwapo msimamo wetu wa kutolipa nauli ulegezwe kwa safari ya kwenda kujiandikisha peke yake.