Lobu si uoga

Mhariri,

Nakuomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika katika ukurasa huu Jumamosi iliyopita, akilalamika kwamba tenisi ya klabu zetu imeharibiwa na "wazee wa kubembeleza mipira". Yeye ataka kila mtu apige kwa nguvu, apande wavuni, acheze kama yule nyota wa tenisi, Carlos Alcaraz. Hakunitaja. Lakini klabuni kwetu hapa Mombasa jina langu la utani ni Bwana Lobu, maana napenda kurusha lobu, ule mpira wa juu unaompita kichwani aliyepanda wavuni, kwa hivyo barua ile nimeipokea kama iliyoletwa mlangoni kwangu.

Nina miaka 53. Kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini, siku nzima niko kwa miguu, na goti la kulia limeshanipa ilani. Nacheza mara tatu kwa wiki baada ya alasiri. Kocha sina. Sevu yangu ya kwanza, yaani mpira wa kuanzisha pointi, ikiingia ni bahati, na ya pili hata mtoto wa darasa la tano aweza kuirudisha. Kwa mtaji huo, ndugu msomaji, wanishauri nimpige nani kwa nguvu?

Nilishajaribu. Agosti mwaka jana nilifika fainali ya kombe letu la ndani, nikakutana na kijana mmoja wa benki, miaka 27, mwenye fohendi, pigo la upande wa mkono wa raketi, kama mlango unaobamizwa na upepo. Seti ya kwanza nikajitia ushababi. Alipopiga kwa nguvu nami nikajibu kwa nguvu, maana watu walikuwa wengi na mashemeji zangu walikuwa wamekuja kutazama. Nusu saa haikufika, 2-6.

Binti yangu alikuwa amekaa kando na daftari lake la hesabu, akichora kijiti kwa kila pointi niliyoipoteza: upande mmoja zile nilizonyang'anywa, upande wa pili zile nilizotoa sadaka. Nilipokaa kunywa maji akanisogezea daftari bila kusema neno. Nilikuwa nimepoteza pointi 31. Kijana alikuwa amezitolea jasho tisa tu. Zile 22 nilimpa mimi mwenyewe, neti na nje, tano katika hizo zikiwa dabo folti, yaani sevu zote mbili nimeziharibu.

Basi nikajiuliza: huyu anakula nini? Anakula kasi yangu. Nikimnyima, itabidi aipike mwenyewe, na vijana wa siku hizi hawana subira ya jikoni.

Ilikuwa Agosti, upepo wa kusi umechachamaa. Viwanja vyetu vimelazwa kaskazini kwa kusini, kama ilivyo desturi ili jua lisimchome mtu machoni, kwa hivyo anayesimama upande wa kaskazini anapigwa na upepo usoni. Wengi huuchukia upande huo. Mimi naupenda. Ukiwa pale waweza kuutuma mpira juu kwa nguvu zako zote, upepo ukaushika kule angani, ukauangusha hatua moja ndani ya mstari, na aliyepanda wavuni akabaki anatazama juu kama anayetafuta mwezi wa Ramadhani. Ukihamia kusini lobu hiyo hiyo yavuka uzio. Huko nateremsha mpira miguuni mwake, au nampelekea bekhendi, ule upande wa pili wa mkono wake, mpira mzito wa kupanda, upepo uuchukue umfikie begani. Na mtu mwenye bekhendi ya mkono mmoja mpira wa begani haupendi, muulize yeyote.

Ndiyo maana nikishinda kura ya kuanza mchezo siombi kusevu. Naomba upande. Kanuni inaruhusu: nikichagua upande, mwenzangu ataamua kusevu au kupokea. Naanza kaskazini wakati mikono bado mibichi, upepo unisitiri makosa yangu. Baada ya gemu moja twabadilishana, nakaa na upepo mgongoni kwa gemu mbili. Katika miaka yote niliyocheza klabuni, sijaona watu watano wanaoifikiria kura ile. Wote mbio kusevu, hata wale ambao sevu yao ndiyo msiba wao.

Mipira iliyobaki naipeleka kimshazari. Wavu una sentimita 91 katikati na 107 kwenye nguzo, na kutoka pembe hadi pembe uwanja ni mrefu kwa zaidi ya mita moja kuliko ukipiga sambamba na mstari wa pembeni, kwa hivyo huko si rahisi kukosea. Seremala yeyote hahitaji kuelezwa hilo. Ami yangu, aliyenifunza bao barazani, alikuwa akiniona nahangaika kutafuta kete za kula pasipo na kitu, ananigonga kidole: "Huna cha kula, takata!" Yaani sogeza kete zako bila kula, ungoje. Basi mimi natakata. Kimshazari, tena kimshazari, mpaka mtu afungue shimo.

Seti ya pili 6-4 yangu. Badala ya seti ya tatu tulicheza taibreki, mbio za kufika pointi kumi, nikapata 10-7, pointi ya mwisho kijana akiipiga hadi ukuta wa nyuma. Alikuja wavuni kunipa mkono uso umemkunjamana. "Ami, hii si tenisi." Nikamjibu ni tenisi ya miaka 53.

Wanaosema huu ni uoga wamkumbuke Mmarekani Arthur Ashe. Julai 1975, siku tano kabla ya kutimiza miaka 32, aliingia fainali ya Wimbledon dhidi ya Jimmy Connors, miaka 22, bingwa mtetezi. Ashe alikuwa mtu wa mipira mikali. Connors naye alikuwa akistawi kwa mipira mikali, kadiri unavyompiga ndivyo anavyokurudishia. Siku ile Ashe akaweka nguvu kabatini. Akamkatia mipira laini ya chini kwenye fohendi, akamsevia mbali pembeni, na Connors alipopanda wavuni akamrushia lobu. 6-1, 6-1, 5-7, 6-4. Alipopoteza ile seti ya tatu hakurudi kwenye mazoea yake, na hapo ndipo mimi humvulia kofia, kwa sababu mimi ningerudi.

Sisemi lobu ni dawa ya kila maradhi. Oktoba tulialikwa Nairobi, nami nikapanda na mchezo wangu wa pwani, tena na makopo yangu ya mipira ya pwani begini. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, mpira hauna wa kuuzuia. Lobu zangu za kwanza mbili zilitua kwenye maua. Kuna mipira maalumu iliyoidhinishwa kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219, na ile yangu haikuwa hiyo. Ilidunda kama imeingiwa na pepo. Mwalimu mmoja mstaafu, mkubwa kwangu kwa umri, alinipiga 6-1, 6-2 kwa mipira ya kukata isiyopanda zaidi ya goti. Goti langu lile bovu. Hakupiga hata mpira mmoja wa nguvu. Safari ijayo nimeagiza nyuzi za raketi zikazwe ratili mbili zaidi, na lobu nitaziacha huku Mombasa, stesheni ya treni ya Miritini.

Kwa watoto nakubaliana na msomaji wenu. Mtoto wa miaka 12 afundishwe kupiga, tena kwa mwili wote, akosee huku anakua. Akina Angella Okutoyi wa kesho, yule binti yetu wa Kenya anayetamba kwa tenisi, hawatatokana na mafunzo ya Bwana Lobu. Lakini karani, mama wa duka na mimi wa bandarini, tulio na saa moja kabla ya magharibi, tusikaripiwe kwa kucheza na tulicho nacho.

Msomaji huyo akipenda, kila Jumamosi saa kumi niko kiwanja cha pili, kile chenye mwembe. Kusi bado inavuma. Mipira nitaleta mimi, kura arushe yeye.

Bwana Lobu,
Mombasa